Wazazi wa Mtoto Mwenye Kansa: Wajibu wa Wakristu Karibu Nao

Nia ya somo

Somo hili limewekwa kwa ajili ya makatekista, viongozi wa mashirika, yaani jumuiya ndogo za Kikristu, na wote waendao kuwatembelea wagonjwa. Nia yake ni moja. Jamaa yenye mtoto mgonjwa wa kansa, na jamaa iliyofiwa mtoto, haihitaji kwanza mtu wa kuieleza kwa nini Mungu ameruhusu jambo hilo. Yahitaji mtu wa kukaa nayo, wa kuiondolea lawama isiyo ya haki, na wa kurudi tena baada ya watu wengine kwenda zao.

Mfano unaofuata umetungwa kwa ajili ya mafundisho, lakini kila jambo lililomo hutokea kweli vijijini. Katekista ausome polepole mbele ya watu, akisimama penye kila sehemu ili wapate kuzungumza.

I. Uvimbe shavuni

Katika bonde la Ruzizi, ambako joto ni kali na mbu ni wengi, alikuwako mtoto mwanamume wa miaka sita, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika shule ya misioni. Siku moja mama yake aliona shavu lake la kuume limevimba kidogo, akadhani ni jino. Juma lililofuata meno mawili yalikuwa yamelegea, wala mtoto hakuweza kutafuna bugali vizuri. Nyanya yake akamkanda kwa maji ya moto na majani. Juma la tatu uvimbe ulikuwa umelizidi yai la kuku, na jicho la upande ule lilianza kusukumwa juu.

Ndipo ndugu za baba walipokutana usiku. Mmoja akasema, "Ugonjwa unaokimbia hivi si wa Mungu." Mwingine akakumbusha ugomvi wa shamba uliotokea mwaka uliopita kati ya baba wa mtoto na dada yake, mjane asiye na mwana. Hakuna aliyelitamka neno "mlozi", lakini wote walilisikia. Asubuhi baba aliuza mbuzi wawili, akamwendea mfumu. Katekista wa kijiji alipopata habari, fedha ya mbuzi ilikuwa imekwisha kuliwa, na majuma mawili mengine yalikuwa yamepotea.

Katekista hakuanza kwa kugombeza. Alikwenda jioni, akaketi, akamtazama mtoto, akauliza habari za usingizi wake na chakula chake. Kisha akamwambia baba: "Ndugu yangu, uvimbe huu waganga wa hospitali wanaujua. Una jina, tena unazo dawa. Lakini haungoji. Kesho alfajiri tutaondoka pamoja."

Baba akajibu, "Sina hata franka moja ya njia."

"Shirika limechanga nauli ya kwenda. Ya kurudi tutaitafuta."

II. Ugonjwa huu ni nini

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo zisizohesabika. Kila chembe huzaliwa, hufanya kazi yake, hufa, na nyingine huchukua mahali pake kwa utaratibu. Kansa, ambayo wengine huiita kansere au saratani, ni pale ambapo chembe fulani zimeacha utaratibu huo na kuongezeka bila kiasi, hata zikasonga viungo vya karibu au kusafiri mwilini.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, mpasuaji mmoja wa Ireland, Denis Burkitt, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Mwaka 1958 aliandika habari za ugonjwa huo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa motokari toka Uganda mpaka Afrika ya Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali kama uvimbe ule umeonekana huko. Ikafahamika ya kuwa waonekana hasa mahali pa joto na mvua, penye malaria nyingi. Kwa hiyo ugonjwa ule ukaitwa kwa jina la Burkitt. Mwaka 1964, huko London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waligundua ndani ya chembe za uvimbe huo kijidudu kidogo mno kiitwacho virusi. Karibu watu wote hukichukua kijidudu hicho mwilini bila madhara. Lakini malaria inapomrudia mtoto mara kwa mara, ulinzi wa mwili wake hudhoofika, na mambo hayo mawili pamoja huufungulia ugonjwa njia.

Basi, ugonjwa huu una sababu zake katika maumbile. Wala mtoto mwenye kansa hamwambukizi mwenzake ugonjwa wake. Yafaa aketi na wenzake, ale sahani moja nao, alale karibu na ndugu zake. Kumtenga ni kumwongezea ugonjwa wa pili.

Uvimbe wa Burkitt ni mmojawapo wa uvimbe unaokua upesi kupita aina zote: kwa siku moja au mbili chembe zake zaweza kuwa mara mbili. Ndiyo sababu kila juma lina thamani yake. Hata hivyo, kwa kuwa unakua upesi, dawa zitiwazo katika mshipa huupata kwa nguvu, na watoto wengi wanaofika mapema na kumaliza dawa hupona.

Ziko kansa nyingine za watoto, na mwalimu wa shule aweza kuziona dalili zake kabla ya wengine: mboni ya jicho inayong'aa weupe, tumbo lililovimba na kuwa gumu upande mmoja, homa isiyokwisha pamoja na weupe wa ufizi na damu itokayo puani au katika meno, maumivu ya mifupa yanayomwamsha mtoto usiku. Si kila uvimbe ni kansa. Lakini kila mtoto mwenye dalili hizo apelekwe kwa mganga wa hospitali bila kungoja.

Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kuwa watoto na vijana wapatao 400,000 hupatwa na kansa kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya 80 katika 100 hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30 katika 100. Mwaka 2018 Shirika hilo lilijiwekea nia ya kuwa, ifikapo mwaka 2030, wapone angalau 60 katika 100. Watoto wa nchi tajiri hawana damu ya namna nyingine. Wenzao wa nchi maskini hufa kwa kuchelewa, kwa njia ndefu, kwa kukosa fedha na dawa, na kwa kuacha matibabu kabla ya mwisho.

III. Lawama isiyo ya haki

Walipofika hospitali kubwa ya mjini, mganga alisema lazima mtu mzima akae karibu na mtoto kwa miezi kadhaa. Mama alikuwa na kitoto kichanga mgongoni na wengine watatu nyumbani. Katekista akamwuliza baba, "Katika ukoo wenu, nani anaweza kulala hapa?" Baba alinyamaza muda mrefu, maana alijua jibu. Mtu aliyekuwa huru ni mmoja tu: dada yake, yule mjane.

Alirudi kijijini, akasimama mlangoni pa dada yake, asijue namna ya kuanza. Dada akamtangulia: "Nilisikia mliyoyasema usiku ule. Mtoto analala wapi?" Siku iyo hiyo akafunga kitenge chake na sufuria moja, akaenda. Alilala chini ya kitanda cha mtoto usiku baada ya usiku, mpaka matibabu yakaisha.

Injili ya Yoane, sura ya 9, yasimulia jinsi mitume walivyomwona kipofu wa tangu kuzaliwa, wakamwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yezu alikataa njia zote mbili. Kitabu cha Ayubu nacho chaonyesha rafiki watatu waliokuja kumfariji. Kwa siku saba walikaa naye chini wakinyamaza, na hapo walifanya vema. Walipofungua kinywa wakaanza kutafuta kosa lake, na mwishoni Mungu mwenyewe aliwakemea. Rafiki hao wapo hata leo. Huja na mkeka, lakini huja pia na ulizo: "Mmefanya nini? Mmemkosea nani?"

Katekista afahamu ya kuwa kumshtaki mtu ulozi bila haki ni dhambi kubwa. Huharibu jina lake, nayo mara nyingi huishia katika kumfukuza, kumpiga au kumwua. Tena humwumiza mtoto, kwa sababu fedha na siku zinazohitajiwa na ugonjwa hutumiwa katika kumtafuta adui.

Iko na lawama nyingine, isiyosikika nje. Mama hujiuliza usiku kama ni chakula alichokula alipokuwa na mimba, au maziwa yake, au neno baya alilolitamka kwa hasira. Baba hujilaumu kwa siku alizozipoteza. Haitoshi kuwaza ya kuwa hawana kosa. Yapasa kuwaambia waziwazi, tena zaidi ya mara moja: "Ugonjwa huu haukutoka kwenu." Na baba aliyechelewa aambiwe kwa upole: "Ulifanya kadiri ulivyojua. Ulipojua zaidi, ulifanya zaidi."

IV. Wakati wa matibabu

Baada ya dawa ya pili, uvimbe ulipungua karibu wote. Mtoto alicheka, akaomba ndizi. Baba alifurahi mno, akasema, "Mungu asifiwe, amepona! Mvua imeanza, nirudi naye tukapande." Muuguzi alimwonya: uvimbe usioonekana kwa macho bado upo. Chembe chache zilizosalia zaongezeka tena, na mara ya pili hushinda dawa kwa urahisi zaidi.

Hapa ndipo watoto wengi hupotea. Wazazi hawaondoki kwa kutopenda mtoto wao. Huondoka kwa sababu deni linaongezeka, shamba limelala, na watoto wengine wana njaa. Kwa hiyo kuwahubiri wavumilie hakutoshi, wala hakuwatendei haki, ikiwa hakuna anayeushika mzigo wao mwingine.

Shirika la kijiji kile liligawana kazi. Wanaume sita walilima na kupanda shamba la mihogo na maharagwe kwa Jumamosi tatu. Mama mmoja aliwapikia watoto watatu waliobaki na baba yao. Kijana mwenye simu alipeleka habari kila Jumapili jioni. Mwalimu wa shule aliandika herufi kubwa kwenye karatasi, akazituma hospitalini, ili mtoto asisahau kusoma. Mchango wa fedha ulisomwa mbele ya watu wote pamoja na matumizi yake, pasipo siri.

Juu ya sala, katekista afundishe hivi: kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chamheshimu mganga na dawa kama vipaji vya Mungu, na katika sura iyo hiyo chamwagiza mgonjwa asali. Sala na dawa haziondoani. Mtu anayewaambia wazazi waiache dawa ili waionyeshe imani yao, anawadanganya, hata akilitaja jina la Yezu.

Mtoto yule alimaliza dawa zote, akarudi nyumbani, akaketi tena darasani. Baada ya miezi minne kichwa kikaanza kumwuma, na mguu mmoja ukakosa nguvu. Ugonjwa ulikuwa umerudi.

V. Dawa zinaposhindwa

Mganga alimwambia baba kweli: "Hatuwezi tena kuuondoa ugonjwa. Lakini maumivu twaweza kuyatuliza." Hilo nalo ni tunza kubwa. Wako Wakristu wanaodhani ya kuwa kumpa mgonjwa dawa kali ya maumivu ni kukosa uvumilivu. Mnamo Februari 1957 Papa Pio XII alifundisha ya kuwa ni halali kutuliza maumivu kwa dawa, hata ikiwa zaleta usingizi, mradi nia isiwe kuua. Hakuna sheria ya Mungu imwamuruyo mtoto wa miaka sita alie usiku kucha.

Katekista alimtembelea kila jioni. Siku moja mtoto akamwuliza, "Mwalimu, nitarudi shuleni?" Watu wazima waliokuwapo walitaka kujibu upesi: ndiyo, ndiyo, kesho. Katekista aliketi kitandani, akasema, "Sidhani, mwanangu. Wewe mwenyewe waonaje?"

Mtoto akasema, "Nimechoka."

"Unaogopa?"

"Mchana siogopi. Usiku naogopa, kwa kuwa wote wamelala."

Tangu siku ile shirika lilipanga zamu. Hakuna usiku uliopita bila mtu mmoja kukaa macho karibu naye, taa ikiwaka. Kama angalidanganywa, asingalisema neno lile, wala kijiji kisingalijua cha kufanya. Mtoto mgonjwa hujua zaidi ya anavyoambiwa. Akidanganywa hubaki peke yake na woga wake.

Katekista asichelewe kumwita padri. Mwaka 1910 Papa Pio X aliwafungulia watoto wadogo mlango wa Komunyo takatifu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yaongeza ya kuwa mtoto aliye katika hatari ya kufa aweza kupewa Komunyo, mradi ajue kuutofautisha Mwili wa Kristu na chakula cha kawaida, na kuupokea kwa heshima. Padri yeyote aweza kumpa Kipaimara mtoto aliye katika hatari hiyo. Mpako wa wagonjwa ni kwa yule aliyefikia umri wa akili. Ikiwa kuna shaka juu ya umri huo, apewe. Tena Mtaguso wa Vatikano wa pili ulieleza mwaka 1963 ya kuwa mpako huo si wa wale tu walio katika pumzi ya mwisho. Kwa hiyo wazazi wasiogope ya kuwa padri akija, mauti yameitwa.

Padri alimwonyesha mtoto Hostia, akamwuliza kama ni mkate kama ule wa sokoni. Akajibu kwa sauti ndogo, "Hapana. Ni Yezu." Akapokea. Siku tisa baadaye, alfajiri, alikufa mikononi mwa shangazi yake, mama akimshika miguu.

VI. Siku za kilio

Watu wengi hufika kwenye kilio na maneno tayari mdomoni. Mengine yafaa yabaki huko. Isisemwe, "Mtazaa mwingine," maana mtoto si chungu kilichovunjika. Isisemwe, "Mungu alihitaji malaika," maana yamfanya Mungu kuwa mwizi wa watoto. Isisemwe, "Mkristu halii," maana Bwana wetu mwenyewe alilia kaburini pa Lazaro, ingawa alijua atakalolitenda. Na alipokutana na mjane wa Naimu akimzika mwanawe wa pekee, alimhurumia kwanza, hata kabla mtu hajamwomba. Yako na maneno ya Ayubu juu ya Mungu anayetoa na kutwaa. Ni maneno matakatifu, lakini Ayubu aliyasema juu ya watoto wake mwenyewe. Jirani asimwekee mfiwa kinywani. Amwachie mfiwa ayafikie siku yake.

Lisemwe nini, basi? Machache: "Pole, ndugu yangu. Tulimpenda. Tupo." Na jina la mtoto litajwe.

Kilio kisiwe mzigo wa pili. Jamaa hii ilikwisha kuuza mbuzi na kukopa fedha ya dawa. Wageni wakija kula kwa siku nyingi, wataiacha na deni juu ya msiba. Shirika lile liliagana hivi: kila nyumba ilete unga, maharagwe au kuni, na asiwepo anayedai pombe.

Kanisa lina ibada ya maziko ya watoto katika kitabu chake cha mwaka 1969. Kwa mtoto mdogo aliyebatizwa, Kanisa lina hakika ya uzima wake kwa Mungu, na sala zake nyingi huwaombea wazazi faraja. Ikiwa mtoto amekufa kabla ya kubatizwa, askofu aweza kuruhusu azikwe kwa ibada ya Kanisa, kama wazazi walinuia kumbatiza. Katekisimu ya mwaka 1992 yamwaminisha kwa huruma ya Mungu, na mwaka 2007 tume ya wanateolojia huko Roma ilieleza ya kuwa zipo sababu kubwa za kutumaini wokovu wake. Katekista asithubutu kumwambia mama ya kuwa mtoto wake amepotea.

VII. Baada ya watu kwenda zao

Juma la kwanza nyumba hujaa. Mwezi wa pili hakuna abishaye hodi. Hapo ndipo kazi ya Mkristu huanza kweli. Katekista aandike katika daftari yake siku zitakazouma: siku ya arobaini, siku ya kuzaliwa kwa mtoto, siku shule inapofunguliwa, Noeli, tarehe 2 Novemba, na mwaka wa kwanza wa kifo. Siku hizo apite, hata kama ni kwa nusu saa. Asishangae ikiwa mama hulia na baba hanyanyui neno, akirudi shambani usiku. Kila mmoja huomboleza kwa namna yake. Mara nyingi kila mmoja humdhania mwenzake hajali, hata ndoa ikaingia hatarini. Awaambie jambo hilo wote wawili wakiwa pamoja.

Ndugu za marehemu husahauliwa kuliko wote. Mtoto yule alikuwa na dada wa miaka tisa. Baada ya maziko aliacha kucheza, akaanza kukojoa kitandani, na mama alimpiga. Mwalimu wake aliona ya kuwa hamtazami mtu usoni. Siku moja, wengine walipotoka, akamwambia, "Kama kuna jambo linalokusumbua juu ya ndugu yako, niambie. Sitakukasirikia."

Msichana akalia, akasema, "Ni mimi niliyemwua. Tulipogombana nilimtupia kokwa la embe, likampiga shavuni. Kisha shavu likavimba."

Kwa mwaka mzima alikuwa amelichukua neno hilo peke yake. Alikuwa amesikia watu wazima wakimtafuta mlozi usiku ule, naye akadhani wamekaribia kumpata. Mwalimu akamweleza ya kuwa kokwa la embe haliwezi kuleta ugonjwa ule, hata likitupwa mara mia. Kisha akamshika mkono, wakaenda kwa mama yake, na msichana akasema tena yote. Mama akamwangukia shingoni. Akamwambia, "Nami nilidhani ni mimi."

Maulizo na majibu

1. Kansa ya mtoto yatoka wapi? — Yatoka katika chembe za mwili zilizoacha utaratibu wake. Haitoki katika ulozi wala katika dhambi ya wazazi.

2. Je, yaambukiza? — Hapana. Mtoto mgonjwa asitengwe.

3. Mzazi afanye nini akiona uvimbe unaokua upesi, au mboni nyeupe jichoni? — Amwendee mganga wa hospitali mara moja, asipoteze majuma.

4. Uvimbe ukipotea, je, dawa ziachwe? — Zisiachwe. Zimalizwe zote kama mganga alivyoagiza.

5. Mtoto akifa ingawa wazazi walifanya yote, je, imani yao ilikuwa ndogo? — La. Walimpenda mtoto wao mpaka mwisho, na upendo huo haukupotea mbele ya Mungu.

6. Yampasa mtu gani kuulizwa habari zake katika nyumba ya msiba? — Kila mmoja, na hasa watoto waliobaki.

Azimio la juma

Kila shirika litaje nyumba moja iliyofiwa mtoto mwaka huu au mwaka uliopita. Wawili watumwe kwenda kuitembelea, bila mahubiri, na kuuliza habari za kila mtu aliyemo. Tena shirika liangalie kama kuna nyumba ambayo watoto wake hulala bila chandarua, likasaidie.

Sala

Ee Bwana Yezu, uliyemshika mkono binti wa Yairo, uwatazame watoto wanaoumwa na wazazi wanaokesha. Uwape waganga ustadi, na jirani miguu isiyochoka kuja. Uondoe katika vinywa vyetu lawama. Uwapokee watoto waliotutangulia, na waliobaki uwatoe katika woga wao wa usiku. Amina.